Radioterapi ya kansere ya ziwa: juu ya nini ngozi inaungua wakati mama amekwisha kurudi nyumbani

Mwanamke wa Lubumbashi mwenye kansere ya ziwa, munganga akimwandikia radioterapi, mara mingi inaomba asafiri. Wamoja wanapanda ndege ku Luano, wanaenda Kinshasa, Johannesburg, Nairobi ao India. Wengine wanafuata barabara ya Kasumbalesa mpaka Lusaka, kwenye hospitali ya kansere iliyoanza kazi mwaka 2006. Watu wa Goma na Bukavu wanavuka mpaka kwenda Kigali ao Kampala. Familia inachanga, inauza kiwanja, inakopa. Akili yote inakuwa ku tiketi, ku nyumba ya kulala na ku bei ya mashine.

Kuko jambo moja ambalo halisemwi vizuri mbele ya safari. Ngozi ya pale mashine inapita itaungua, na siku mbaya zaidi mara mingi hazifiki wakati wa matibabu. Zinafika siku saba mpaka kumi na ine kisha seansi ya mwisho. Maana yake, wakati ule mama amekwisha kushuka Luano, amerudi mu komini yake, Katuba, Kenya, Kampemba ao Ruashi, mbali na waganga waliomtibu. Njo wakati majirani wanauliza: «Mama, kule walikuunguza?» Njo wakati pia kila mtu analeta dawa yake ya kupaka.

Kujua mapema kama siku zile zitakuja, na kujua zinapita, kunaweza kuzuia hofu, kidonda kibaya na pesa ya bure.

Mashine inafanya nini mu ngozi

Radioterapi ni miale yenye nguvu, ile wengi wanaita rayo. Haionekani, haina harufu, na haiumi wakati inapita. Mgonjwa analala ku meza, mashine inazunguka, dakika chache anaamka. Miale inaharibu seli za kansere ili zisiweze tena kuzaana. Lakini mbele ya kufika ndani, inapita ku ngozi, na ngozi nayo iko na seli zinazozaana kila siku.

Watu wa Lubumbashi wanajua kazi ya matofali. Kuko wale wanaofinyanga, na kuko rundo lililokauka ambalo wanunuzi wanapunguza. Kama wafinyanzi wanasimama leo, rundo haliishi leo. Wanunuzi wataendelea kubeba siku mingi, kisha siku moja mtu anafika, anakuta pa rundo ni udongo tu.

Ngozi iko vile. Chini kabisa mu tabaka la juu la ngozi, kuko seli zinazofinyanga zingine. Seli mpya inapanda pole pole mpaka juu, inakauka, inaanguka. Safari ile inachukua karibu wiki ine. Miale inasimamisha wafinyanzi wa chini, lakini ngozi ya juu bado iko. Njo maana wiki ya kwanza mama anaona hakuna kitu, anasema: «Mimi sikuungua.» Ngozi ya juu inaendelea kuanguka, na kwa kuwa hakuna ya kuirudishia, siku moja inakuwa nyembamba, inabambuka, pengine inafunguka. Mashine ikisimama, wafinyanzi waliobaki wanaanza kazi tena, lakini nao wanaomba wiki kadhaa ili rundo lijae.

Kuungua huku hakuko sawa na kwa moto ao maji ya moto, ambako kidonda kinaonekana saa ile ile. Haimaanishi pia kama fundi wa mashine alikosea. Karibu kila mwanamke anayepata radioterapi ya ziwa anaona badiliko fulani ya ngozi. Kwa wengi inakuwa ndogo, kwa wamoja inafika kidonda.

Jambo la zamani, lenye kugusa Katanga

Kuchelewa kule kulijulikana tangu mwanzo. Mu mwezi wa ine wa 1901, mwanasayansi wa Ufaransa Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiumu mu mfuko wa kizibao chake, saa chache tu. Siku ile hakuona kitu. Kisha siku karibu kumi, ngozi ya pale mfuko ulipogusa ikageuka rangi, halafu ikawa kidonda. Becquerel na mwenzake Pierre Curie waliandika habari ile, na waganga wakaanza kujiuliza: kitu chenye kuharibu ngozi vile, hakiwezi kuharibu na uvimbe?

Radiumu yenyewe ikawa dawa ya kansere. Na kuanzia 1922, sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilikuwa inatoka mu mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaliyosafishwa kule Olen, Ubelgiji. Kisha ikaja mashine ya kobalti, iliyotibu wagonjwa wa kwanza kule Kanada mwaka 1951. Kobalti ya kawaida, ile ya namna inayochimbwa Kolwezi na Likasi, inaingizwa mu mtambo wa nyuklia mpaka inageuka kobalti 60 yenye kutoa miale.

Mashine ya kobalti na zile za umeme za leo ziko na faida juu ya ngozi. Nguvu yao kubwa haisimami juu kabisa. Ya kobalti inafika kipimo chake kikubwa nusu sentimita chini ya ngozi, na ya umeme mara mingi sentimita moja na nusu. Ngozi inapata kidogo kuliko zamani. Lakini kwa mwanamke aliyekatwa ziwa lote, kansere inaweza kurudi mu ngozi yenyewe ya kifua. Pale waganga wanaweza kuweka juu ya ngozi kitu laini sawa kipande cha mpira, ili miale ifanye kazi mpaka juu. Huyo anaungua zaidi, na inafanywa kwa kusudi.

Wiki kwa wiki, mama ataona nini

Kuko namna mbalimbali za kupanga radioterapi ya ziwa. Ya zamani ni seansi 25 kwa wiki tano. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kama seansi 15 kwa wiki tatu zinazuia kansere vizuri vile vile, na ngozi inaumia kidogo zaidi. Mwaka 2020, utafiti mwingine wa Uingereza ulionyesha kama kwa wamoja seansi tano za wiki moja zinaweza kutosha. Kwa mtu anayelipa nyumba ya kulala Lusaka ao Kinshasa, ile ni habari nzuri sana, na inafaa kuuliza munganga kama inawezekana kwake. Lakini akumbuke: matibabu yakiwa mafupi, sehemu kubwa ya kuungua inakuja wakati amekwisha kurudi.

Mu wiki ya kwanza, mara mingi hakuna kitu, pengine joto kidogo na uchovu.

Kuanzia wiki ya pili ao ya tatu, ngozi inakuwa moto, inakaza, inawasha, inageuka rangi. Ziwa linaweza kuvimba.

Kisha hapo, ngozi inakauka na kubambuka sawa magamba madogo. Kwa wengi inaishia pale.

Kwa wamoja, ngozi inafunguka na kutoa majimaji. Inapenda kutokea mu mikunjo: chini ya ziwa, mu kwapa, na ku shingo pale nguo inagusa. Wenye hatari zaidi ni wenye maziwa makubwa, wenye mwili mzito, wenye sukari, na wenye kuvuta tumbako.

Kilele kinakuwa wiki moja ao mbili kisha seansi ya mwisho. Halafu ngozi inaanza kufunga. Kwa wengi, wiki ine mpaka sita kisha matibabu, kidonda kimekwisha. Rangi nyeusi inaweza kubaki miezi mingi, na ziwa linaweza kuwa gumu kidogo.

Ku ngozi nyeusi, wekundu hauonekani

Vitabu vingi vya waganga vinasema: angalia kama ngozi imekuwa nyekundu. Vile vitabu viliandikwa kwa kuangalia ngozi ya wazungu. Ku ngozi ya mwanamke wa Congo, wekundu mara mingi hauonekani. Ngozi inakuwa kahawia iliyokolea, ao nyeusi sawa makaa, pengine na rangi ya zambarau. Muuguzi anayetafuta wekundu anaweza kuandika «hakuna kitu», na mama anaumia.

Si mawazo tu. Utafiti uliofanywa mu jimbo la Michigan, Marekani, na kutolewa mwaka 2022, ulilinganisha yale wagonjwa wa radioterapi ya ziwa zaidi ya 9,000 walisema na yale waganga wao waliandika. Waganga waliandika maumivu, kuwasha na uvimbe kidogo kuliko wagonjwa walivyosikia, na ilitokea zaidi kwa wanawake weusi.

Basi mama asingoje aulizwe. Aseme mwenyewe: hapa panawaka, hapa panawasha, hapa siwezi kuvaa sutie. Na mwenye kumsaidia nyumbani atumie mkono pamoja na macho. Agusise mgongo wa mkono wake safi ku ziwa lililotibiwa, kisha ku lile lingine. Kama kuko tofauti ya joto, kama ngozi inang’aa na kukaza, ao imekuwa nyeusi zaidi kuliko jana, kuungua kumeanza.

Kazi ya kila siku nyumbani

Wengine wanaambiwa wasioge mpaka matibabu yaishe. Hapana. Tafiti zimeonyesha kama kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali hakuongezi kuungua, tena kunapunguza kuwasha. Maji ya kisima yachemshwe, kisha yapoe. Asisugue kwa kitambaa wala kwa kamba ya kuogea. Akauke kwa kugusisha taulo laini pole pole, zaidi mu mikunjo. Wakati matibabu yanaendelea, asifute alama za wino ambazo mafundi waliandika ku ngozi. Zile njo zinaonyesha mashine pa kupita.

Nguo iwe ya pamba na isibane. Sutie yenye chuma iwekwe pembeni. Kuko kitu kimoja watu hawafikirii: kikwembe. Mama anafunga kikwembe juu ya kifua, ao anabeba mtoto ku mgongo, na fundo linasugua pale pale palipotibiwa. Mu wiki zile, kikwembe kifungwe ku kiuno, na mtoto abebwe na mwingine. Ni vile vile na mkanda wa gari ku barabara ya Kasumbalesa, ao mkoba wa begani ku uwanja wa ndege: kuwe kitambaa laini katikati, na mzigo ubebwe upande mwingine.

Kunyoa kwapa kwa wembe, hapana. Barafu moja kwa moja ku ngozi, hapana. Chupa ya maji ya moto, hapana. Jua la mwezi wa tisa na wa kumi linaumiza, kwa hiyo ngozi ile ifunikwe, hata miezi mingi kisha kupona. Mu kiangazi, mavumbi nayo yasikute ngozi iliyofunguka wazi.

Deodora ilikuwa inakatazwa zamani. Tafiti za kisha zimeonyesha kama haiongezi kuungua, mradi ngozi haijafunguka. Chakula kinasaidia ngozi kujengwa tena: pembeni ya bukari kuwe maharagi, samaki, ndakala, mayai ao karanga. Tumbako inachelewesha kupona.

Krema: pesa iende wapi

Hapa njo familia zinapoteza mingi. Biafine inajulikana sana ku farmasi za watu wenye kufuata dawa za Ufaransa. Mwaka 2004, waganga wa Lyon waliijaribu kwa wanawake 254, nusu na Biafine, nusu na pomadi ya ua la kalendula. Kwa wenye Biafine, 63 kwa mia waliungua kwa kiasi cha kati ao zaidi. Kwa wenye kalendula, 41 kwa mia. Lakini utafiti wa Uswidi uliotolewa 2013 haukuona kalendula ikishinda krema ya kawaida. Aloe vera nayo haijaonyesha faida ya wazi.

Maana yake ni nini kwa mfuko? Krema rahisi, isiyo na harufu, ya kulainisha ngozi, inatosha kwa wengi, wakati ngozi haijafunguka. Hakuna sababu ya kuuza kitu cha nyumba juu ya kichupa cha bei.

Dawa moja imeonyesha faida ya kweli: krema ya kotikoidi, kama mometazoni, inayopakwa kuanzia mwanzo wa matibabu. Inapunguza kuwasha na kuungua. Lakini iandikwe na munganga, kwa kiasi na kwa siku zilizopangwa. Isichanganywe na mafuta ya kufanya ngozi nyeupe yanayouzwa mu soko. Mamoja ya yale yamewekwa kotikoidi kali sana, hidrokinoni ao zebaki, bila kipimo. Ku ngozi iliyopigwa miale, yanafanya ngozi iwe nyembamba zaidi na kidonda kichelewe. Mama aliyekuwa anayatumia amwambie munganga bila haya, mbele ya seansi ya kwanza.

Ngozi ikifunguka, krema inasimama. Pale inaomba kusafisha kwa maji safi, na kufunika kwa kitambaa cha hospitali kisichoshikamana na kidonda. Utepe wa kubandika usiwekwe ku ngozi iliyotibiwa, kwa sababu ukiutoa, unatoka na ngozi. Pamba yenye nyuzi inabaki mu kidonda. Alkoli inaunguza mara ya pili. Dawa ya meno, majivu, limau, na unga wa kapsuli ya antibiotiki, vyote viwe mbali. Dawa za mimea zisizojulikana nazo vile vile: kidonda ni mlango wa wazi.

Mama haambukizi mtu

Mu nyumba zingine, mgonjwa aliyerudi anatengewa sahani na kitanda. Wanasema «rayo iko mu mwili wake». Kwa radioterapi ya mashine, ile si kweli. Mashine ikizimwa, miale inaisha, sawa taa ikizimwa mwanga hauendelei. Mama anaweza kula pamoja na watu, kulala na bwana yake, kumshika mtoto. Majimaji ya kidonda hayana miale.

Wengine wanaona ngozi nyeusi inayobambuka, wanasema ugonjwa umezidi, ao mtu amemroga. Rangi ile inasimama pale miale ilipita tu, na mpaka wake unaonekana wazi. Kuko pia jambo ambalo linashtua: miezi kisha kupona, mama akipewa dawa fulani za kemoterapi, ngozi ile ile inaweza kuungua tena bila mashine. Waganga wanalijua jambo lile. Inaomba kuwaambia.

Hatari kubwa ni kuacha katikati

Kuungua kunapita. Seansi zilizoachwa zinaweza kuleta hasara isiyopita. Radioterapi inafanya kazi kwa mfuatano: kila siku inapunguza seli za kansere mbele hazijapata muda wa kuzaana. Mtu akikatisha kwa kuogopa ngozi, ao akarudi nyumbani wiki mbili «kupumzika», seli zilizobaki nazo zinapumzika na kuongezeka. Kama ngozi imefunguka sana, munganga wa mashine njo ataamua kusimamisha siku chache ao kuendelea. Si mgonjwa, si jirani, si mwenye kumwombea.

Nyumbani, kuko dalili ambazo hazingoji: homa ao kutetemeka, usaha ao harufu mbaya, wekundu ao weusi na joto vinavyoenea nje ya pale palipotibiwa, damu, maumivu yanayozuia usingizi, mkono mzima kuvimba. Vile vile kidonda ambacho wiki sita kisha seansi ya mwisho hakijafunga. Kwa yote ile, kituo cha afya ao hospitali kubwa kama Jason Sendwe, siku ile ile.

Muuguzi wa hapa hakumwona mama ku mashine. Njo maana, mbele ya kuaga hospitali ya mbali, mama ao mtu wake aombe vitu vine: karatasi yenye kusema alipata seansi ngapi na ku sehemu gani, jina la krema na la kitambaa cha kidonda, na akiba ya wiki tatu, namba ya simu ya muuguzi wa pale, na jibu la swali moja: «Ngozi yangu ikifunguka kule nyumbani, nifanye nini?» Karatasi ile isilale mu sanduku. Iwekwe mu mkoba wa mkononi, juu ku Luano sanduku linaweza kuchelewa, na ngozi haitangoja.